Mwanamke wa Kitambaa Chekundu

Bogna aligundua Jumatatu asubuhi, akifuta vumbi: picha iliyokauka tangu mwezi uliopita ilikuwa mbichi. Zambarau yake ilimganda kidoleni, na haikunuka rangi, ilinuka udongo uliotoka kufukuliwa.

Mumewe Ksawery alikuwa mchoraji. Tangu vita viwatoe Poland na kuwatupa London, ghorofa ya nne, hakuchora kitu ila kijiji chao, tena kama kinavyokuja ndotoni: nyumba za rangi ya chungwa zinaegemeana kama walevi, mto wa zambarau, farasi wa kijani anapaa juu ya mapaa.

"Huyu mwanamke wa kitambaa chekundu umemchora lini?"

"Mwanamke gani?"

Alikuwa mwisho wa barabara, mdogo kama punje ya mtama, kawapa mgongo. Ksawery alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Sikumchora mimi."

Jumanne alikuwa amefika darajani. Jumatano amefika kisimani na amegeuka, na mahali pa uso palikuwa na samawati tupu. Mchana kweupe walisikia viatu vya mbao, ko, ko, ko, wala si kwenye ngazi, bali ukutani, palipotundikwa picha.

Bogna akamwita Bibi Apolonia wa ghorofa ya chini, aliyewatibu Wapolandi wenzake hofu kwa kumimina nta ya moto juu ya maji. Nta ikaganda, ikawa mkono uliokunja vidole.

"Mumeo amekuwa akiita kwao kwa uchungu," bibi akanong'ona, "na asiyeitwa ndiye aliyeitika. Ichomeni picha hiyo."

"Nichome kwetu mara ya pili?" Ksawery akafoka. "Waliochoma mara ya kwanza hawakutosha?"

Jumapili akakataa hata kwenda kanisani. Bogna aliporudi alikuta chumba kitupu, akaita, akaitikiwa kutoka ukutani; na kabla hajageuka mlango ulijifunga nyuma yake, ufunguo ukawa unazunguka bila kushika, dirishani London haipo tena ila zambarau inayotiririka, harufu ya kaburi imemjaa kooni, na ndani ya picha Ksawery, mdogo kama kidole, anapiga ngumi ukuta wa nyumba ya chungwa huku kitambaa chekundu kikimkaribia, analia, "Bogna, mke wangu, nichoree mlango nitoke!"

Hakuwahi kushika brashi maishani. Akaishika. Akachora mlango mweusi, umepinda, una kitasa.

Ukafunguka. Mkono uliolowa ukamkamata kifundo cha mkono, ukamvuta.

Alipofumbua macho alikuwa amesimama kwenye barabara ya ndani ya picha, na Ksawery hakuwemo, hakuwahi kuwemo. Mbele yake, kama anachungulia dirishani, alikiona chumba chao. Mwanamke mwenye sura yake, ndani ya gauni lake la Jumapili, alikuwa akifungua mlango wa ngazini. Ksawery akaingia na Bibi Apolonia.

"Umeshinda, mke wangu," Ksawery akasema, macho mekundu. "Bibi amenisema mpaka nimekubali. Tuichome leo."

Bogna akapiga kelele. Akaruka, akapunga mikono yote miwili.

Bibi Apolonia akasogea, akakodoa macho. "Yesu na Maria! Kinapunga mikono. Kimevaa mpaka sura yako, mwanangu."

"Msikitazame," akasema yule mwanamke kwa sauti ya Bogna, na akamshika Ksawery bega kwa upole. "Kiberiti ninacho mimi."