Aliyeitika Kisimani

Jumamosi, jua likiwa utosini, Mwatum aliingia jikoni akitafuna muhogo wa kuchemsha, mashavu yamemvimba, akasimama mbele ya mama yake na kungoja. Alipomeza akauliza, "Mama, wanitakia nini?"

"Nani kakuita?"

"Weye. Umeniita pale nyuma ya tangi la maji. Sikuitika, mdomo ulikuwa umejaa."

Kauthar hakuwa amemwita mtu. Alikuwa ameinamia simu anasoma maoni, na maoni siku hiyo yalikuwa matamu kuliko chakula alichokuwa akikipika. Akamwambia mwanawe aende zake akacheze. Mtoto wa miaka tisa husikia mengi.

Wali uliungua. Na hata harufu ya kuungua ilipotoka, nyuma yake ilibaki harufu nyingine, ya tope la zamani, tope ambalo halijawahi kupigwa na jua. Kauthar alifungua dirisha, akarudi kwenye simu yake.

Tuseme ukweli kuhusu simu hiyo. Kauthar alikuwa mwalimu wa historia kijijini Kengeja, na miaka minne nyuma, yeye na Suhail, fundi wa redio na simu, walianzisha kundi la Facebook wakaliita Pemba ya Jana. Lilianza na picha za harusi za kale, likafika watu elfu kumi na moja, nusu yao wakiwa Maskati, Mombasa na Ulaya, watu ambao hawajaikanyaga Pemba miaka thelathini lakini wanatufundisha sisi tuliopo nani alikuwa nani. Kila mmoja wao babu yake alikuwa na shamba la karafuu. Ukiwasoma utadhani karafuu za kisiwa hiki zilijichuma zenyewe, zikajianika zenyewe.

Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kisima kilichoko nje ya Kengeja, katikati ya mikarafuu, kinachoitwa Kisima cha Mwatum. Hadithi yake ilijulikana na kila mtu. Mzee Abdulsamad, mwenye shamba, alichimba akakosa maji. Jini la mahali pale likamwambia halitoi tone mpaka lipewe binti yake. Naye, kwa kuwahurumia watu wake waliokuwa wakifa kiu, akamtoa Mwatum, binti yake wa pekee. Watu wa Maskati walijaza vikaragosi vya makopa na machozi chini ya picha ile. Kauthar, ambaye Mzee Abdulsamad alikuwa wa ukoo wake, aliipenda hadithi hiyo hata mwanawe akampa jina la Mwatum. Bibi yake Kauthar, Bi Zulekha, alinuna siku arubaini nzima, na tangu hapo mtoto yeye humwita "Binti" tu.

Basi kundi lilipoamua kuanzisha podikasti, walipiga kura, na kipindi cha kwanza kikawa hicho cha kisima. Suhail akasema wasirekodi chumbani. Watu wa mbali wanataka kupasikia mahali penyewe, majani yake na ndege wake. Wakaenda Alhamisi na maikrofoni zao, wakatandika mkeka ukingoni kabisa mwa kisima, na Suhail akamleta shangazi yake, Bi Mgeni, aliyepindukia miaka tisini.

Bi Mgeni aliposikia swali alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwatum gani? Mwatum hakufa hapa. Alokufa hapa ni Mjaka, wetu siye. Dada wa babu yangu. Baba yao kaletwa kutoka bara kwa kamba, na watu wa kamba hawaulizwi. Mjaka kavishwa nguo za binti wa bwana, kafundishwa siku saba. Akiitwa 'Mwatum!' aitikie 'Labeka.' Akikosea, hapewi chakula. Akijibu sawasawa, hupewa. Siku ya nane kaletwa hapa nilipokaa miye. Jini likaita Mwatum, na mtoto kaitika."

Upepo ulikata. Suhail alikuwa analisikia jina hilo kwa mara ya kwanza maishani mwake, machozi yakamdondokea kwenye nyaya alizozishika. Kauthar alitetemeka kwa furaha ya mwalimu aliyeutia ukweli mkononi. Jioni alimsikilizisha Bi Zulekha rekodi ile. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kikate kipande hicho."

"Kimekatwa miaka mia na zaidi, bibi. Imetosha."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ndiyo sababu habari hii inaniuma kila ninapoisimulia. Kipindi kilipandishwa Ijumaa baada ya sala.

Jumapili, saa ileile ya jua kali, walikuwa barazani wote watatu. Kauthar anamsuka mwanawe, Bi Zulekha anapeta mchele. Njiani hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wamejilaza chini ya ngazi, na hata redio ya jirani ilikuwa imezimwa. Ndipo kutoka ndani, kutoka jikoni ambamo hamkuwa na mtu, sauti ikaita.

"Mwatum!"

Ilikuwa sauti ya Kauthar. Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wake wa mwalimu anayeshinda akipiga kelele darasani, ila yeye alikuwa amekaa pale na kitana mdomoni, hajatamka neno, na mtoto akageuza shingo akamtazama mama yake, akautazama mlango, akamtazama tena mama yake, na kwa kuwa alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa huitika, midomo yake ikaanza kufunguka, "La...", na hapo Bi Zulekha, ambaye magoti yake hayakuwa yakimnyanyua bila ya mkono wa mtu, akaruka, ungo ukamwagika, akamkumba mtoto wakaanguka chini pamoja, akamziba mdomo kwa kiganja na kukandamiza kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Bibi, utamuua!"

"Nyamaza weye!" alinong'ona Bi Zulekha. "Asiitike. Ukitaka mwanao awe hai, asiitike."

Sauti iliita mara ya pili, karibu zaidi. Kisha ikaita mara ya tatu, na safari hii ilikuwa nyuma ya pazia la mlango, na pazia likawa limelowa kutoka chini kupanda juu. Katikati ya miito walisikia ndoo ikishuka, ikigongagonga ukuta wa mawe, ikishuka kwa muda mrefu sana. Nyumba ile haina kisima. Haijawahi kuwa nacho.

Kulipotulia, Kauthar aliingia jikoni na panga. Hakukuta kitu ila duara moja la maji sakafuni, kama mtu alitua ndoo hapo akaichukua tena. Maji yalinuka tope.

Bi Zulekha alisema yaliyobaki huku mtoto amelala mapajani mwake, alama za vidole vyake bado ziko mashavuni.

"Mwatum wa kweli walimvusha mpaka kisiwani Fundo, wakambadilisha jina, akawa Siti. Kaolewa, kazaa. Siti huyo ndiye bibi yangu miye, aloniambia haya kwa mdomo wake. Jina lile halikutajwa tena katika ukoo mpaka weye ulipolileta, na miye nikanyamaza, nikasema jini lile lina Mwatum wake, limeridhika. Nyiye mmekwenda kuliambia mlangoni pake kuwa halina."

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambiaje? Niseme siye ndio tulomvisha mtoto wa watu nguo?" Bi Zulekha akalia. Kauthar hakuwahi kumwona akilia hata siku moja, na alimchukia kwa machozi hayo.

Alikifuta kipindi jioni ileile. Kazi bure, kilikuwa kimeshasambazwa kwenye simu za watu wengine, na isitoshe, jini halikusikia kwenye simu. Lilisikia ukingoni.

Jumatatu asubuhi akaja Mwalimu Zubeir kutoka Msuka, mganga wa kitabu, mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Aliandika kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, akaziosha kwa maji akamnywesha mtoto. Akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu, moshi ukajaa chumba, na aliyeanza kutikisika hakuwa mtoto, bali Bi Zulekha. Kichwa kilimwanguka kifuani. Kilipoinuka, sauti iliyotoka ilikuwa ya kiume, ya taratibu, kama inapita majini kwanza.

"Nina haki yangu."

"Haki gani?" aliuliza Mwalimu Zubeir.

"Nilitoa maji. Nikaahidiwa Mwatum. Nikaita, nikaitikiwa, nikachukua. Juzi wamekuja kunambia niliyemchukua si Mwatum."

Mwalimu Zubeir alikohoa, akamtazama Kauthar, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na kama waliosema wamekosea?"

Harufu ya tope ikazidi mpaka ikaushinda ubani.

"Basi aje mama wa mtoto, yule aliyewaleta. Aseme kuwa walikosea, palepale waliposemea, na wale aliowaambia wasikie. Ijumaa. Nitaridhika na niliye naye. Asipokuja, nitaita mpaka niitikiwe. Mtoto hulala. Mtoto husahau."

Bi Zulekha akaanguka ubavu, akalala mpaka alasiri.

Siku nne zile mtoto hakwenda shule. Adhuhuri ikikaribia walimfunga leso mdomoni, mama yake akamkumbatia chumbani, na kule nje kile kitu kikaita, mara kwa sauti ya mama, mara ya bibi, na Jumanne kwa sauti ya baba yake aliyeko Maskati, na mtoto akalia ndani ya leso kwa hamu ya kumjibu baba. Mjaka alifundishwa siku saba kuitika. Mwatum akafundishwa siku nne kutoitika.

Jumatano jioni Kauthar alikwenda kibandani kwa Suhail. Alimweleza yote bila ya kumtazama usoni. Suhail alikuwa amefungua redio ya mtu mezani, akaendelea kuilehemu kwa muda.

"Shangazi tangu Ijumaa anakula vizuri," alisema mwishowe. "Wajukuu wanamwekea kipindi kila siku. Kila likitajwa jina la Mjaka, yeye huitikia, 'Allah amrehemu.' Hajawahi kumwombea hadharani, Kauthar. Miaka tisini."

"Najua."

"Hujui."

"Suhail, nifanye nini? Ni mwanangu."

"Na yule alikuwa mwana wa nani?" Akaizima pasi yake ya kulehemu. Alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira alikuwa amechoka. "Fanya. Nitakuja kukurekodia. Mara ile hatukuulizwa. Mara hii angalau umeuliza."

Ijumaa walikaa wawili tu ukingoni mwa kisima, mkeka uleule. Suhail akavaa hedfoni, akampa ishara. Kauthar alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, kama anavyoandika masomo yake.

"Assalaam alaykum wasikilizaji wetu. Kipindi kilichopita kilikuwa na makosa. Bi Mgeni ni mtu mzima sana na kumbukumbu zimemchanganya. Tumechunguza. Hakukuwa na mtu aliyeitwa Mjaka. Aliyeitika hapa alikuwa Mwatum binti Abdulsamad. Alikuwa Mwatum, wala hakuwa mwingine."

Kutoka chini ya kisima kulisikika pumzi ndefu, ya kitu kilichoshiba. Maji yakatulia. Suhail alitoa hedfoni, akaviringisha nyaya zake moja moja kwa uangalifu, akampa Kauthar rekodi, akaondoka kwa miguu. Kabla ya Magharibi alikuwa ameshajitoa katika kundi.

Kipindi kilipokewa kwa furaha. Makopa yalirudi. Watu wa Maskati walisema tulijua tu, walisema siku hizi kila mtu anataka kuichafua historia yetu. Mmoja akaandika kwamba wazee kama Bi Mgeni waachwe wapumzike. Mjukuu wa Bi Mgeni alimwekea kipindi hicho bibi yake bila ya kujua kilichomo. Bi Mgeni alisikiliza, akageukia ukutani, na kwa siku mbili hakugusa uji.

Lakini hakuna kilichoita tena. Jumamosi ikapita kimya, Jumapili ikapita kimya. Mtoto akafunguliwa leso, akarudi shule, akaanza tena kucheka. Juma zima likapita. Kauthar alimshukuru Mungu kila sala, na kila sala aliona aibu kumaliza dua.

Jumamosi iliyofuata alipika wali na mchuzi wa pweza. Alipakua, akasimama mlangoni huku jua likiwa utosini, na kwa mara ya kwanza tangu yaanze yale mambo akathubutu kuliita jina lile kwa nguvu.

"Mwatum!"

"Labeka!" mwanawe aliitika kutoka uani, akaja mbio, miguu imejaa vumbi, akampita mama yake akaingia ndani kunawa.

"Labeka."

Hiyo ya pili ilitoka nyuma ya tangi. Ilikuwa sauti ya mtoto mwingine wa kike, nzito kidogo kwa maji, yenye adabu mno, sauti ya mtu aliyejifunza neno moja kwa siku saba na anaogopa kulikosea. Kauthar alishika mwimo wa mlango. Alijua ni nani, na alijua kwa nini anaitika jina hilo, maana yeye mwenyewe alimpa, mbele ya watu elfu kumi na moja. Alitaka amwite kwa jina lake, akalikuta liko ulimini. Kisha akamsikia mwanawe ndani akinawa mikono na kuimba, akaumeza ulimi wake.

Mlangoni pakanuka tope. Mtoto yule hakuita, hakulia, hakufanya lolote. Alikuwa amejibu sawasawa, na sasa anangoja apewe chakula.