Ufa Usioshika Gundi

Jua lilikuwa linazama ng'ambo ya ziwa Kitangiri wakati fundi Naftali alipokwenda kuteka ndoo ya maji ya kulowanishia msasa. Boti ya faiba ya kijiji cha ujamaa, iliyopasuka tumboni, ilitakiwa majini kesho asubuhi. Mwenyekiti Laurenti alikwishamwambia bila kupepesa macho: gundi ikibanduka tena, fundi atapelekwa mahabusu kama adui wa ujamaa.

Ilikuwa imebanduka mara mbili. Aliziba jioni, asubuhi akakuta ufa uko wazi, unanuka mafuta ya nyonyo. Gundi ya faiba na mafuta ni paka na panya. Mtu alikuwa anamhujumu, na katika kijiji hiki kisichomkaribisha mgeni hata kwa uji, Naftali aliwashuku wote na kuwachukia wote.

Aliporudi na ndoo, akamkuta.

Bibi mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya boti iliyolazwa kifudifudi, anapaka mafuta kwenye ufa kwa kidole. Alikuwa Elizabeti, mjane wa Alute, mvuvi aliyezama boti hii ilipopinduka masika yaliyopita.

"Shikamoo, mama. Kumbe ni wewe unayenitafutia kifungo?"

"Marahaba." Hakuacha kupaka. "Alute hajapatikana. Kwetu, asiyezikwa hupakiwa mafuta pale alipoacha alama yake ya mwisho, mpaka azikwe. Ukipaziba, unamfungia humo."

"Ufa huu ni wa mwamba."

"Na ndani? Umetazama ndani?"

Alikuwa ametazama. Mkabala na ufa kulikuwa na mikwaruzo, minne minne, mirefu. Laurenti alisema ni nanga. Laurenti alijua, maana siku ya ajali alikuwemo, akaokoka kwa kukaa juu ya mgongo wa boti hadi ikasukumwa ufukweni. Mchana huo Naftali alikuwa ameifukia mikwaruzo yote kwa ganda jeupe, ile gundi ya rangi inayofunika faiba.

"Nenda nyumbani, mama," alisema kwa ukali.

Bibi akaondoka bila kuaga. Naftali akasugua ufa kwa petroli mpaka mafuta ya nyonyo yakatoka, akachanganya gundi, akazidisha dawa ya kukaushia, akaziba. Ilipokauka, akaanza msasa.

Shaa... shaa...

Kazi ilikuwa inakubali. Ganda likaanza kung'aa, na moyo wake ukatulia kidogo.

Shaa... shaa...

Krr.

Akasimamisha mkono. Kimya. Akausogeza kulia.

Krr... krr...

Kitu kilikuwa kinakwaruza kutoka ndani, chini ya kiganja chake hasa. Akausogeza kushoto, nacho kikafuata. Watoto wa bibi huyu, alijisemea, wananifanyia mzaha. Akachukua mti, akainua ukingo wa boti, akachungulia kwa tochi.

Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na harufu ya tope la kina kirefu. Na lile ganda jeupe alilolisawazisha mchana lilikuwa limechanika kwa mikwaruzo, minne minne. Unga wake ulikuwa bado unadondoka.

Mti ukamponyoka. Boti ikajifunika tena, puu.

"Inua..."

Sauti ilitoka chini ya boti. Ya mtu aliyeishiwa pumzi.

"Laurenti... inua..."

Naftali akarudi kinyumenyume. Nyuma yake mchanga ulikwaruzika. Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo, ameshika kandili. Tangu lini, hakujua.

Krr... krr...

Laurenti alisikia. Uso wake ulionyesha hivyo. Lakini hakuitazama boti hata kidogo. Alimtazama fundi.

"Amekwambia nini?" alinong'ona.

"Nani, Ndugu Mwenyekiti?"

Laurenti akaweka kandili chini. Kisha akainama, akapapasa ule ufa uliozibwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na kazi.

"Imeshika. Kesho alfajiri tutaijaribu, mpaka katikati ya ziwa. Mimi na wewe. Wawili tu."

Naftali alitaka kujitetea kwamba hajui kuogelea. Akakumbuka kwamba alikwishamwambia, siku ile ile ya kwanza alipofika kijijini.