Sauti Ambayo Haikufunguka

"Futa."

"Sifuti."

"Simu imejaa pomoni! Nitahamishaje vitu kama hata pa kupitisha sindano hakuna? Futa hizi voisi, ziko tele humu."

"Nimesema sifuti hata moja. Kama haiwezekani, nirudishie simu yangu niende zangu."

Mwenye duka la simu akaweka bisibisi mezani, akamtazama mteja wake vizuri. Mteja mwenyewe ni mpiga pasi wa dobi la ghorofa ya pili, jengo zima linamwita Bi Pasi. Alikuwa ameng'ang'ania simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Kioo cha simu nusu kilikuwa cheusi, nusu kinawaka kwa kusitasita. Simu mpya ilikuwa pembeni, nailoni bado iko usoni, inasubiri wenyewe wamalize kubishana.

Sasa nikwambie jambo moja ili twende sawa. Hawa wawili si fundi na mteja tu, ni mawifi. Au tuseme walibakiza kidogo kuwa mawifi, maana kaka wa mwenye duka, fundi wa lifti, ndiye aliyekuwa mchumba wa Bi Pasi. Mwaka umepita tangu uchumba ule uingie mdudu, na mwaka wote huo Bi Pasi akipita mbele ya duka hili anainamisha kichwa kama anatafuta kifungo kilichodondoka. Lakini shida humtoa nyoka pangoni. Mafundi wengine wote walimwambia simu yake wataiokoa, ila chati zitapotea. Mmoja akamwonea huruma: "Nenda kwa yule mama wa chini kwenye jengo lenu. Yeye ndiye kiboko ya simu mbovu." Bi Pasi akameza mate, akameza na kiburi, akashuka ngazi.

"Hizi voisi zote zimetoka kwa mtu mmoja," mwenye duka akasema.

"Najua."

"Umemwandika 'Fundi Wangu'. Huyu si kaka yangu huyu?"

Bi Pasi akageukia makava ya simu yaliyoning'inia ukutani, akayatazama kama anayetaka kununua. Wifi yake hakusubiri jibu. Akabonyeza moja. Sauti ikatoka na mwangwi, kama mtu anayesemea ndani ya pipa:

"Bi Pasi wangu, niko ndani ya shimo la lifti hapa, giza totoro. Nimeona nikusalimie kabla hawajanishushia waya. Umekula? Usiniambie umekunywa chai tu ukalala. Haya, wananiita. Nakupenda. Nasema polepole, hawa wenzangu wakisikia watanicheka mpaka jioni."

Ikaisha. Wote wawili wakabaki wanaitazama simu.

"Mwaka mzima," wifi akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua ukali, "mimi nimekuwa nikiapa kwamba wewe una moyo wa jiwe. Kumbe unatembea naye mfukoni?"

"Kila siku namsikiliza. Nikiwasha pasi tu, naweka visikilizio. Mashuka ya watu nayanyoosha huku ananiuliza kama nimekula."

"Sasa ulimnyamazia kwa nini?"

"Mimi? Yeye ndiye aliyeniacha!"

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, kwa vitendo. Si tulikubaliana mwaka mmoja? Aende afunge lifti za watu huko ugenini, mkataba ukiisha arudi tuoane. Imebaki kidogo arudi, mteja analeta mapazia yake dobi, ananiambia mume wake na Fundi wangu wameongeza mkataba. Mapazia, wifi! Nimeambiwa habari za mchumba wangu na mtu wa mapazia!"

"Ukafanyaje?"

Bi Pasi akamwonyesha kwenye ile nusu ya kioo iliyokuwa hai. Ujumbe ulikuwa bado upo:

*Umeongeza mkataba, mimi naambiwa na mteja. Haya, kaoe hizo lifti zako. Usinitafute tena.*

"Akajibu?"

"Akatuma voisi. Ndefu kuliko zote. Hii hapa."

Chini ya ujumbe ule kulikuwa na alama ya sauti, na mshale wa kijivu ambao haukuwahi kufunguka.

"Nilibonyeza, simu ikaniambia imejaa, nifute kitu kwanza. Nifute nini sasa? Humu ndani kote ni yeye."

"Subiri kidogo. Yaani ulikataa kufuta sauti zake za zamani, ukakosa sauti yake mpya?"

"Ndiyo."

"Na hukumwambia kwamba haijafunguka?"

"Nimwambie vipi, na nimeshamwambia asinitafute?"

Wifi akapiga makofi mara moja, akashika kiuno. "Makubwa haya, madogo yana nafuu! Unajua huyu kaka yangu alikuwa ananipigia kila jioni? 'Dada, tiki zimekuwa za bluu, ujumbe ameuona. Lakini kale kaalama ka sauti bado kakijivu, hajasikiliza.' Namwambia vuta subira, ana hasira, zitaisha. Kesho tena: 'Dada, bado kakijivu.' Mwisho akaniambia, mtu aliyekataa hata kukusikia, utamwambia nini tena? Tangu siku hiyo ukitajwa wewe, anauliza hali ya hewa."

Machozi yakamlenga Bi Pasi. Hakuyafuta.

"Haya, tusilie kabla ya kujua msiba wa nani," wifi akasema, akarudi kwenye simu. "Tutafute pa kupunguza. Hizi picha je? Doa. Doa lingine. Kola ya shati ina doa. Hili nalo sijui ni mchuzi ama ni kutu."

"Hizo za kazini. Nguo ikija na doa naipiga picha kabla haijaoshwa, mteja asije akatusingizia."

"Bado unazihitaji?"

"Za nini? Wenyewe walishachukua nguo zao zamani."

Wifi akaendelea kushuka na kidole. Madoa, madoa, madoa. Halafu kidole kikasimama.

"Bi Pasi. Hizi picha ni nzito kuliko hata hizo voisi. Ungefuta madoa ya watu tu, ungemsikia mwenzio siku ileile."

Mteja mmoja akachungulia kuuliza chaja, wifi akamfukuza kwa mkono bila kumtazama.

"Nilijua," Bi Pasi akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua picha zipo. Kidole kilikataa. Niliona ile voisi ilivyo ndefu nikasema, huyu ananiaga. Mtu hasemi yote hayo kama haagi. Nikaona ikibaki bila kufunguka, basi bado hajaniacha. Nikaanza kujidanganya: simu imejaa. Moyo ukiniuliza, naujibu simu imejaa. Mwaka wote huu, wifi, simu imejaa."

Wifi yake alikuwa na maneno mengi ya kumpa, nayajua, maana ni mtu wa maneno. Yote akayameza. Akavuta kigoda, akampa akae.

"Nifute madoa?"

"Futa."

Madoa yakaenda. Simu mbili zikalazwa uso kwa uso kama watu wanaonong'ona, simu mpya ikaisoma ile ya zamani, na kazi ya kuhamisha ikaanza. Bi Pasi hakupepesa macho. Kila mara kioo cha simu ya zamani kilipofifia alishika ukingo wa meza. Wifi akimwambia pumua, anapumua kidogo, anasahau tena.

Hatimaye chati zikafika zote. Picha zake Fundi na kofia ngumu kichwani. Salamu za asubuhi. Voisi za ndani ya mashimo, voisi za juu ya mapaa yenye upepo mpaka nusu ya maneno husikii. Bi Pasi akashuka moja kwa moja hadi chini kabisa. Akafumba macho, akabonyeza.

Kimya.

Akafumbua. Simu ilikuwa imeandika: *Faili hili halipo tena. Mwombe aliyekutumia akutumie upya.*

"Halipo vipi? Si umehamisha kila kitu?"

"Nimehamisha kilichokuwemo. Hiki hakikuwahi kuingia kwenye simu yako, kilikuwa kinakusubiri mlangoni. Kikikaa sana bila kufunguliwa kinaondolewa."

"Wewe dada yake. Alikwambia alisema nini?"

"Hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Ya kwenu ni yenu. Muombe mwenyewe aitume."

"Mwaka mzima kimya, leo nianze na 'naomba utume tena'?"

"Ulitaka uanze na hotuba? Andika!"

Akaandika, akafuta. Akaandika salamu, akaiona baridi, akafuta. Akaandika samahani, akaiona fupi, akafuta.

"Unajua ukiandika na kufuta hivyo, yeye huko anaona unaandika?" wifi akasema. "Atakodoa macho mpaka yamtoke."

Hajamaliza kusema, ujumbe ukaingia. Fundi ametangulia.

*Naona unaandika. Ni wewe, au umeibiwa simu?*

Bi Pasi akajibu:

*Ni mimi. Nimenunua simu mpya.*

*Sawa.*

Ndugu msomaji, kama hujawahi kujibiwa "sawa" na mtu unayempenda, mshukuru Mungu wako. Bi Pasi akaikodolea macho ile sawa, kisha akaandika harakaharaka asije akajuta:

*Naomba unitumie tena ile voisi yako ya mwisho. Sikuwahi kuisikia. Haikufunguka.*

Fundi akaonekana anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

*Siwezi.*

*Kwa nini?*

*Na mimi nilibadilisha simu. Sikuhamisha kitu. Niliacha kila kitu kule.*

Bi Pasi akaiweka simu mezani taratibu. Yeye amezibeba sauti za mtu huyu kama mayai, mwenyewe alikwishazitupa zamani.

"Kaniacha kweli, wifi. Hata mimi mwenyewe kanifuta."

Simu ikaanza kulia, mlio mgeni wa kingoma kingoma.

"Pokea simu yako," Bi Pasi akamwambia wifi.

"Yangu? Ni yako hiyo, mwenzangu! Ndiyo mlio wake! Pokea!"

Akapokea. Fundi hakutoa hata salamu.

"Haikufunguka maana yake nini?"

"Simu ilikuwa imejaa," akaanza. Kisha akatikisa kichwa kana kwamba Fundi anamwona. "Hapana. Nisikudanganye. Ningeweza kuifungua. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba unaniaga."

Nyuma ya Fundi vyuma viligongana, mtu akaita, Fundi akamjibu subiri.

"Nilikuwa nakuita, Bi Pasi."

"Kuniita wapi?"

"Huku! Anayeongeza mkataba anaruhusiwa kuja na mke, wanampa chumba. Nikasaini haraka nafasi isije ikachukuliwa, nikasema jioni nitampigia nimwambie mwenyewe. Yule wa mapazia akanitangulia. Kwenye ile voisi nilikueleza yote. Nikasema, njoo tuoane huku. Na kama hutaki, sema neno moja tu, nauvunja mkataba narudi. Nikasema ukinyamaza, nitajua hunitaki."

Bi Pasi akajiinamia mpaka paji likagusa meza.

"Kuja nilikuwa nataka," akasema. "Urudi nilikuwa nataka. Yote mawili nilikuwa nayataka."

"Mimi ningejuaje? Mwaka, Bi Pasi! Nimelala peke yangu kwenye chumba cha watu wawili. Wenzangu wameleta wake zao, mimi kitanda cha pili naanikia ovaroli."

"Nisamehe. Nimekukosea, nisamehe."

"Nikaacha kila kitu kwenye simu ya zamani, nikabaki na namba yako tu, nikadhani nitapona."

"Ukapona?"

"Ningekuwa nimepona ningekupigia?"

Hapo wifi, aliyekuwa anajifanya anapanga makava, akatoka nje ya duka akijifuta uso kwa upindo wa gauni.

Kutoka juu msimamizi wa dobi akaita kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Mashuka ya hoteli yanangoja.

"Wananiita kazini," Bi Pasi akasema.

"Usikate. Tafadhali. Nenda na mimi."

Akapanda ngazi simu ikiwa sikioni, akapita katikati ya mashine zinazozunguka, akasimama kwenye meza yake, akawasha pasi.

"Niulize tena, Fundi. Leo nitajibu."

"Siulizi. Nilishauliza, nikasubiri, nikaumia. Zamu yako sasa. Sema wewe."

Bi Pasi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu mapenzi, akafungua mdomo, akaishia kuipitisha pasi juu ya meza tupu. Mvuke ukampanda usoni. Msimamizi akatokea na fungu la mashuka mikononi.

"Bi Pasi! Kazi imelala hapa! Ni nani huyo unayeongea naye saa za kazi?"

Wapiga pasi wote wakageuka. Alikuwa na nafasi ya kusema hakuna mtu, akate, apige baadaye. Ndivyo alivyozoea.

"Ni mume wangu," akasema.

Kwenye simu, Fundi akauliza polepole: "Umesema ni nani?"

"Nimesema mume wangu!" akarudia, na safari hii mashine zote pamoja hazikuifunika sauti yake. "Na hicho kitanda kitoe hizo ovaroli. Nakuja."

Upande wa pili mwanaume mzima alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, anawaambia watu wa huko kitu ambacho hakikusikika vizuri, na watu wanashangilia.

Msimamizi akabaki na mashuka yake, mdomo wazi.

"Wewe Bi Pasi, tangu lini una mume?"

"Tangu mwaka jana, bosi," akajibu, machozi yakidondokea shuka la hoteli. "Ila mimi habari zimenifikia leo."