Saa Elfu Tisa za Diski Mpya

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, mhariri wa video aligundua kwamba diski aliyoipigania mwezi mzima imegeuka kobe.

Walimwita Sekunde, maana hakufanya jambo bila kulipima muda. Ukutani mwa chumba chake cha uhariri alikuwa amebandika karatasi: *Kunakili saa moja ya video, diski mpya, dakika sita.* Leo skrini ilimwambia dakika thelathini na moja. Alirudia. Thelathini na mbili.

"Shangazi, njoo uone."

Shangazi, mwenye studio, aliingia na funguo zake zikilia mkononi. Aliitazama skrini.

"Hii si ndiyo ile ya bei ya pikipiki?"

"Ndiyo."

"Uliyoniapia kwamba bila hiyo, filamu ya wauguzi haitaisha?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na hospitali wanaifuata lini?"

"Kesho, saa kumi jioni."

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia, mwanangu."

Sekunde alizima kompyuta, akafungua skrubu nne, akaichomoa diski. Lebo ilikuwa ileile, na juu yake selotepu yenye tarehe kwa mwandiko wake. Ila pembe moja ya lebo ilikuwa imekunjamana, kama karatasi iliyobanduliwa ikabandikwa tena.

Aliirudisha, akawasha, akafungua programu ya kupima afya ya diski.

"Diski hujihesabia umri wake yenyewe," alisema. "Kila saa inayokaa imewashwa, inaandika. Hii inasema imefanya kazi saa elfu tisa, mia nne na arobaini. Imewashwa mara elfu moja, mia moja na themanini."

"Sasa?"

"Tuliinunua wiki tatu zilizopita. Hata ingekesha kila siku, isingefika saa mia sita. Hii siyo diski yetu, Shangazi. Mtu ameibadilisha, akahamisha na lebo."

Alidhani amejinasua. Kumbe alikuwa amejisogeza mwenyewe hadi kwenye kona.

"Chumba hiki kina funguo mbili," Shangazi alisema polepole. "Mmoja unao wewe, mmoja ninao mimi. Kwa hiyo ama ulininunulisha takataka, ama umeniibia. Chagua."

Akatoka. Sekunde alisikia geti la nondo la mlango wa mbele likivutwa, kisha kufuli likibana.

"Hatoki mtu humu mpaka nijue," Shangazi alisema kutoka koridoni. "Na wewe, kama ni wewe, nyumbani kwangu hulali leo."

Chumba cha uhariri hakikuwa na dirisha. Kuta zilivikwa sponji za kuzuia mwangwi, hata mtu akikohoa kikohozi kilimfia mdomoni. Sekunde alikuwa amekipenda kwa sababu hiyohiyo. Sasa aliona kazi yake, kitanda chake na jina lake vyote vinaning'inia kwenye kishada kimoja cha funguo, na kishada kipo mkononi mwa mtu aliyekwisha kuhukumu.

Saa tatu kasoro robo Shangazi alirudi, nyuma yake mpiga picha, mume wa dada yake Sekunde, mrefu mpaka wakamwita Tripodi.

"Wiki iliyopita nyote mlikuwa hospitalini mnapiga picha," Shangazi alisema. "Lakini Jumanne huyu alirudi hapa. Nilimwona."

"Nilifuata betri, mama," alisema Tripodi. "Shemeji ndiye aliyenipa ufunguo. Nilikaa dakika tano."

"Dakika tatu," alisema Sekunde. "Ulinipigia ukiingia, ukanipigia ukifunga. Kwa dakika tatu humalizi hata zile skrubu."

"Unamtetea shemeji yako."

"Ninazitetea dakika."

Tripodi alijaribu kucheka. "Kama ni kifungo, basi tuletewe chai ya wafungwa. Tangu tuingie leo sijasikia hata harufu yake."

"Tangu Alhamisi Dada wa Mapokezi hajapika chai," alisema Shangazi. "Nilidhani majani yamekwisha."

Sekunde aligeuka kuitazama skrini. Alichukua kalamu, akagawanya saa za diski kwa mara ilizowashwa. Alipata nane kamili. Kompyuta za uhariri hazizimwi kila baada ya saa nane. Huachwa siku tatu zinasaga bila kuzimwa. Hii ilitoka kwenye mashine inayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni, kwa siku za kazi elfu moja na ushee, karibu miaka minne.

"Shangazi, ukienda kula mchana, funguo zako unaziacha wapi?"

"Mezani mapokezi. Kwa nini?"

Sekunde alikuwa amekwisha kutoka, nao wakamfuata.

Dada wa Mapokezi alikuwa akichapa orodha ya wateja. Hakuinua macho.

"Dada, mbona siku hizi hupiki chai?"

"Kazi nyingi, mdogo wangu."

"Zamani ulikuwa unapika saa ngapi?"

"Nikishaibonyeza kompyuta hii. Ilichukua robo saa kuamka. Ungekaa unaitazama tu?"

"Na siku hizi?"

Vidole vya Dada vilisimama juu ya vibonyezo.

"Zima," alisema Sekunde. "Uiwashe tena, mbele ya Shangazi."

Hakuizima. Aliiweka mikono yake miwili mapajani, kama mtu aliyefika mwisho wa foleni.

"Binamu yangu ni fundi," alisema. "Alikuja Jumatano, mama alipokwenda kula. Alinakili vitu vyangu kwenye ile mpya, ya zamani akaifuta, akaiweka kule chumbani na lebo ya mpya. Nilijua Sekunde huiacha diski yake tupu akimaliza kazi, nikasema hataona tofauti."

"Umwache mtoto wa watu aitwe mwizi?" aliuliza Shangazi.

"Nilitaka aonekane amekosea kununua. Hilo la wizi umelileta wewe." Sauti yake haikupanda. "Miaka minne mteja anasimama hapa ananitukana mimi, haitukani kompyuta. Nimekuomba mara ngapi, mama? Ukasema diski ya kasi ni anasa. Yeye akaomba mwezi mmoja, akapata. Mimi si mpwa wa mtu."

Shangazi alifungua kufuli. "Kusanya vyako."

Dada alichukua mkoba, kikombe na koti. Sekunde alitaka kusema neno, lakini lolote alilolipata lilikuwa la mtu aliyebaki. Geti likafunguka kwa mmoja tu.

Alasiri Sekunde alirudisha kila diski mahali pake, pamoja na vitu vya mapokezi. Akapima: dakika sita. Filamu ya wauguzi itawahi.

Jumanne asubuhi, Shangazi mwenyewe aliketi mapokezi. Akabonyeza.

"Mbona haiwaki?"

"Inawaka, Shangazi. Subiri."

Dakika ya nne akaipiga mgongoni. Dakika ya saba mteja aliyekuwa ameegemea kaunta akafyonya, akauliza kama hapa pana mtu anayefanya kazi. Shangazi alitazama skrini nyeusi.

Dakika ya kumi na mbili aliinuka, akaenda kubandika birika.

"Lile duka la diski," alisema bila kugeuka, "hufungua saa ngapi?"