Tunu Anukia Tangawizi

Tunu aliishi mlimani, kwenye ukungu na baridi. Alikuwa na magoti ya tope, masikio ya vumbi, na mama mwenye sauti kubwa.

"Tunu! Kaoge!"

"Maji ni baridi, Mama!"

"Kaoge hivyo hivyo!"

Tunu akaenda kwenye ndoo. Akachovya kidole kimoja. Brrr! Akakitoa upesi.

Nyuma ya nyumba, chini ya miti mikubwa, iliota tangawizi pori. Hakuna aliyeipanda. Mvua inyeshe, jua liwake, majani yake yalikuwa kijani tu.

Tunu akachuma jani. Akalifikicha. Fiki, fiki, fiki! Mmm! Linanukia kuliko sabuni!

Akajipaka shingoni. Akajipaka mikononi. Akajipaka hadi nyuma ya masikio. Kisha akaimba:

"Nimeoga mie, nimetakata!
Ninuse uone, nanukia!"

Babu alikuwa barazani, akichambua maharage.

"Babu, ninuse!"

Babu akanusa. Fnn! Fnn! "Ala! Mjukuu wangu unanukia kama bibi harusi! Lakini mbona magoti yana tope?"

"Magoti hayanuswi, Babu!"

Tunu akaenda zake, akicheza na kuimba:

"Nimeoga mie, nimetakata!
Ninuse uone, nanukia!"

Bandani, ndama Madoa akainua pua. Fnn! Fnn! Jani! Tena jani lenye miguu!

Madoa akavuta kamba. Kamba ikafunguka. Puu!

"Wewe Madoa! Mimi si jani!"

Lamba! Shingo. Lamba! Mikono. Lamba, lamba! Hadi nyuma ya masikio.

Tunu akakimbia, akaizunguka nyumba. Madoa naye nyuma yake, ulimi nje. Babu akacheka hadi maharage yakamwagika.

Tunu alilowa udenda mwili mzima. Akajinusa. Fnn! Lo! Ananuka ndama!

"Mama! Naomba maji!"

"Maji ni baridi, Tunu."

"Nipe hivyo hivyo!"

Mama akacheka. Akaenda jikoni, akaleta maji ya moto, akayachanganya. Chubwi! Tunu akaingia kwenye beseni. Magoti yakasuguliwa. Masikio yakasuguliwa. Maji yakawa meusi kama chai ya rangi.

Usiku, Tunu akajilaza kitandani, blanketi hadi kidevuni. Mama akainama, akamnusa shingoni.

"Haya, sasa unanukia nini?"

Tunu akapiga mwayo mrefu.

"Nanukia Tunu," akasema. Akalala.