Bundi Hakumfuata Bibi

Fundi alifagia ua huku macho yakijifumba yenyewe. Wiki nzima alikuwa akishona sare za shule, na ua haukuguswa. Mgongo ulimuuma kama umetwangwa. Hata usingizi hakuupata, maana panya walikimbizana darini mpaka kukakucha.

Chini ya paa la stoo, ufagio uligonga kitu. Kilikuwa kitonge cheusi, kinene kama kidole gumba. Kilijaa manyoya, na kifupa kilichomoza pembeni.

"Mama yangu! Tumerogwa!"

Mumewe, kinyozi, alitoka na povu la dawa ya meno mdomoni. Alitazama kitonge, kisha akatazama juu. Bundi alikuwa kwenye boriti, amelala, hana habari na mtu.

"Leo siku ya tano yuko hapo," alisema kinyozi. "Namshusha kwa mawe."

"Mwache," alisema Bibi, mama wa kinyozi, akiwa mlangoni. Alikuwa ameshika kichwa. "Amenifuata mimi."

"Mama, umemeza dawa ya presha?" aliuliza Fundi.

"Ya nini? Bundi keshaniita. Tangu atue sijagusa kidonge. Nimechoka, mwanangu. Kila asubuhi kidonge, kila asubuhi kidonge. Hata kuku hadonoi hivyo."

Fundi akaketi chini palepale. Siku tano! Mwaka jana Bibi aliacha dawa siku chache tu, akaanguka jikoni. Walimbeba kwa shuka.

"Hodi!" Alikuwa Mama Ghala, jirani anayetunza ghala la mahindi. Alileta suruali ya kazi ibadilishwe zipu. "Mbona mmekaa kama mmefiwa?"

"Bado," alisema Bibi. "Subiri kidogo."

Wakamwonyesha kitonge. Mama Ghala akacheka mpaka suruali ikamdondoka mkononi.

"Huu uchawi? Haya ni matapishi ya huyo bwana aliyelala! Bundi humeza panya mzima. Nyama inayeyuka tumboni. Manyoya na mifupa haviyeyuki, basi anavitema. Ghalani kwetu nafagia hivi kila siku."

Akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akapasua kitonge kwa kijiti. Ndani mlikuwa na fuvu dogo lenye meno marefu ya njano.

"Bibi, haya meno ni yako?"

"Yangu yalishahama zamani," alisema Bibi, akainama kutazama. "Kumbe aliyeitwa ni huyu!"

"Na aliyemwita ni gunia lenu la unga, liko wazi stoo. Panya wanafuata unga, bundi anafuata panya. Wekeni unga kwenye pipa lenye mfuniko. Sumu msitege. Bundi akila panya mwenye sumu, naye atakufa."

Kinyozi hakuridhika. "Lakini bundi akilia, watu wanakufa."

"Asipolia, hawafi? Wateja wako wangapi wamekufa baada ya kunyolewa?"

Kinyozi akahesabu kwa vidole. "Watatu."

"Basi tukupige mawe?"

Hata Bibi alicheka. Kisha akashika tena kichwa, na Mama Ghala akaacha utani. Alinawa mikono kwa sabuni.

"Bundi haui mtu. Kuacha dawa ndiko kunakoua. Twende zahanati sasa hivi. Na usimeze vya siku tano kwa pamoja, ukadhani unafidia."

Presha ilikuwa juu sana. Muuguzi alimpa Bibi dawa, akampima tena na tena mpaka alasiri. "Mngechelewa, tungekuwa tunaongea mengine," alisema. Fundi hakusikia. Alikuwa amesinzia kwenye benchi, kichwa begani kwa Bibi.

Sasa unga uko kwenye pipa. Dari limetulia, na Fundi analala mpaka kunapambazuka. Kila asubuhi Bibi hutoka uani na kikombe cha maji, akamtazama mgeni wake kwenye boriti.

"Wewe na panya wako, mimi na kidonge changu," humwambia, kisha anameza. "Tuone nani atachoka kwanza."