Togwa Aliyoikataa Kajetani

Mwaka ule marobota ya mitumba yalipoanza kumwagwa sokoni Songea, baiskeli ya miguu mitatu ya Kajetani ilinasa gauni jekundu kwenye meza ya Emerensiana, ikaondoka nalo.

"We kaka, unaiba au unatongoza?"

"Kuiba siwezi. Sikimbii."

Emerensiana, blauzi yake ya mtumba imejaa sponji mabegani, akacheka mpaka akashika meza.

Kajetani alikuwa fundi redio. Alianguka kutoka juu ya lori la mahindi njia ya Mpitimbi, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikafa. Mdomo haukufa. Wakapendana, soko zima likajua.

Tatizo togwa. Ema analeta kila siku, jamaa analamba tu, anaweka chini. Na mwanaume akikataa kinywaji cha mpenzi wake, watu wanajua anaogopa limbwata.

"Mpenzi, umeambiwa mimi naroga?"

"Sina kiu, Ema."

Jua la saa saba, hana kiu.

Halafu akazuka Lidwina, sketi imembana, kikapu mkononi. Akiingia kwa fundi, mlango unafungwa. Akitoka, jamaa jasho tupu.

Siku moja Ema akaazima simu ya duka pale sokoni, akapiga duka la Chande, jirani wa fundi.

"Niitie Kajetani."

"Kajifungia na mgeni, dada."

Ema akaacha mitumba wazi, akaenda.

"Fungua."

"Ema, subiri kidogo, nakuomba."

Akausukuma mlango kwa bega, komeo likaachia. Kajetani kakaa, taulo mapajani, kashika mpira mwembamba. Chini beseni la mkojo. Lidwina kavaa glovu.

"Mimi nesi," Lidwina akasema. "Tangu aumie, kibofu chake hakijimwagi. Namfundisha kutoa mkojo mwenyewe kwa mpira huu, kila baada ya saa chache. Yeye kaona aibu, kaacha kunywa maji ili asikojoe. Sasa mkojo umekolea kama chai, homa haziishi. Mwambie wewe, mimi hanisikii."

Akavua glovu, akatoka.

Kajetani akaangalia ukuta. "Nilijua ukiona hivi utaniacha."

"Mimi nikajua unaniona mchawi. Na kwamba una mwanamke."

"Nani atanitaka, Ema?"

"Usinitukane. Mshenga wako anakuja lini kwa baba, kule Matogoro?"

Kajetani akageuka taratibu. "Usiku itabidi niamke nijitoe mkojo."

"Amka tu. Mimi nakoroma, hutalala hata hivyo."